Nguo za Kaya Namba Saba

Ndani ya Chumba cha Kasi, mashine ya kufulia ilizeeka mwaka mzima kwa siku mbili. Chumba chenyewe kilikuwa sanduku la kioo kinene, refu kama basi, na humo ndani joto, mtikisiko, chumvi na kukatikakatika kwa umeme vilipangwa kwa namna ambayo chombo kilichoingia kipya kilitoka baada ya siku arobaini kikiwa na miaka ishirini mgongoni. Maji ya Tanga yana chumvi, na chumvi haina huruma kwa chuma, kwa hiyo maji ya mle ndani yalitiwa chumvi mara tano zaidi. Mikono ya mpira iliyoning'inia darini ilifungua milango ya mashine na kuibamiza, mara mia tatu kwa saa, kama watu wanavyobamiza milango wakiwa na haraka au hasira. Bi Sikudhani Mbwana alikuwa amekaa mbele ya kioo hicho kwa miaka kumi na minne akitazama vyombo vikizeeka. Yeye mwenyewe alikuwa na hamsini na nane.

Mwaka huo, 2091, mashine zilizokuwamo zilikuwa tatu, zote za mlango wa mbele. Chama kimoja cha nyumba za ushirika kilitaka kununua mashine elfu arobaini za aina moja, na kiliomba maabara ikiambie ipi imeundwa vizuri, ipi itadumu, na ipi inastahili bei yake. Swali lilikuwa jepesi kuliuliza. Jibu lake lilikuwa kazi ya Bi Sikudhani, na taarifa ingetoka kwa jina lake.

Jabali iliundwa kama mtu aliyekusudia kukaa. Ilikuwa na bonge la saruji tumboni la kuizuia isitembee wakati wa kukamua, mkanda wa kuzungushia pipa, na skrubu ambazo fundi yeyote wa Ngamiani angezifungua kwa spana aliyo nayo mfukoni. Kelele yake ilisikika mtaa wa pili. Umande ilikuwa nyembamba na kimya, ikifua nguo za watu watano kwa ndoo moja ya maji, lakini pipa lake lilichomelewa ndani ya plastiki. Beringi zikifa hakuna pa kupitisha spana, unatupa mashine nzima. Uzuri wa namna hiyo Bi Sikudhani aliutilia shaka, hata kwa wanadamu.

Ya tatu ilikuwa Fahamu, nayo ilikuwa na pua. Waundaji wake waliiita pua-umeme: kipande kisichozidi ukucha, kilichopachikwa nyuma ya mlango, ambacho kilinusa nguo kabla ya tone la kwanza la maji. Kilitofautisha tope na damu, grisi na samli. Na kwa kuwa jasho la kila mtu lina harufu yake, kilijua pia nguo zile zimevaliwa na watu wangapi, ili mashine ipime sabuni ya kutosha. Kisha kiliandika matokeo kwenye kioo kidogo cha mlangoni. Bi Sikudhani aliona hayo ni maringo matupu, lakini alama zake za kufua zilikuwa juu kuliko za wenzake wote wawili na hakuweza kuzipunguza.

Mashine hazikujaribiwa kwa matambara. Kaya kumi za mjini zilikuwa na mkataba na maabara. Kila wiki kila kaya ilitoa mfuko wa nguo chafu, kigari-mzigo kikaja kuuchukua, na baada ya siku mbili kikaurudisha nguo zikiwa safi. Majina yalifichwa. Mpimaji alijua namba tu, na kanuni ilikataza kabisa kuwatafuta wenye nguo au kuziongezea nguo kitu chochote kisichotoka ndani ya mashine.

Bi Sikudhani alikuwa na Kaya Namba Saba kwa miaka sita, na tuseme ukweli, alikuwa hana mtu mwingine. Mume alikwisha kwenda zake zamani, mtoto hakujaaliwa, na dada yake wa mwisho alizikwa Pangani mwaka ambao hakupenda kuukumbuka. Ila Kaya Namba Saba aliijua nje ndani. Baba alifanya kazi bandarini, kwa sababu bwelasuti zake zilijaa grisi nyeusi ya mashine za kupakulia. Mama alishughulika na mimea, makoti yake yalikuja na madoa ya kijani kwenye mikono. Palikuwa na binti mkubwa aliyeanza sekondari, na mvulana aliyechana magoti ya suruali zote alizonunuliwa. Kisha, karibu miaka mitano iliyopita, vikaja vifulana vidogo vya mtoto mchanga vikinuka maziwa, na Bi Sikudhani akakaa kwenye kiti chake akavishika kwa muda mrefu.

Haukupita mwaka, akaanza kuvunja kanuni. Nguo za kaya nyingine zilikunjwa na mkunjaji, ule mkono wa chuma wenye vidole sita, lakini za Namba Saba alizikunja mwenyewe. Kabla ya kuzikunja alizitanda juu ya tenga, akaweka chetezo chini yake, na kuzifukiza udi kama mama yake alivyomfundisha. Alifunga mlango wa stoo, akazima kitambua-moshi, akakaa na nguo za watu asiowajua mpaka kaa lipoe. Ilikuwa ndiyo saa yake nzuri kuliko zote katika wiki.

Mtoto mchanga akakua. Vifulana vikawa vigauni. Uji ulimwagika kila mara upande uleule wa kifua, na Bi Sikudhani akatambua kuwa mtoto anatumia mkono wa kushoto, akamlaumu mama yake kimoyomoyo kwa kutomrekebisha mapema.

Wiki ya sita ya majaribio, Jumanne asubuhi, zamu ilifika ya kuingiza mfuko wa Kaya Namba Saba ndani ya Fahamu. Pua ikanusa. Kioo kikaandika: *Wavaaji: 1. Mabaki mengine: moshi wa udi.*

Mstari wa pili ulimtia joto masikioni, lakini ni wa kwanza uliomfanya acheke. Alitoa nguo zote akazihesabu mbele ya mashine, kama anayemwonyesha mtoto mjinga. Bwelasuti, koti, sare ya sekondari, suruali iliyochanika magotini, kigauni chenye uji. Watu watano. Akazirudisha. Mashine ikanusa tena na kuandika vilevile.

Basi ni mbovu, alijiambia, tena akafurahi, maana hapo hatimaye palikuwa na dosari ya kuiandika. Lakini alikuwa mpimaji, na mpimaji haandiki dosari kabla ya kuirudia. Akatia mfuko wa Kaya Namba Mbili, uliosajiliwa watu wanne. Wanne. Akatia wa Namba Tisa, watu saba. Saba. Akaendelea na kaya zote zilizobaki, na kila moja ikalingana na daftari. Akawaza kwamba huyo mmoja huenda ni yeye, kwa kuwa ndiye anayezishika na kuzikunja kila wiki. Akavua mtandio wake, akautupa katikati ya nguo za Namba Saba na kufunga mlango. *Wavaaji: 2.* Yeye alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtu mwingine, mmoja tu, aliyevaa nguo za watu watano.

Dk. Lwitiko, mkuu wa maabara, alikuwa kijana mpole aliyetoka Tukuyu na kuogopa ugomvi kuliko ugonjwa. Alimsikiliza akiwa amesimama.

"Mama Sikudhani, hilo si tatizo," alisema. "Mashine ya kufulia inunuliwe kwa kufua. Andika kwamba hesabu ya wavaaji haikuaminika, tuendelee."

"Iliaminika kwa kaya tisa."

"Na kwa moja haikuaminika. Nani atakayetuuliza?"

Alimpa njia nyeupe kabisa. Bi Sikudhani aliweza kuandika maneno manne, Fahamu ingepoteza alama, na Kaya Namba Saba ingebaki na watu wake wote. Alirudi mezani akaandika hayo maneno manne. Aliyatazama mpaka saa ya chai, kisha akayafuta, kwa sababu alitaka kujua. Kama mama na watoto wale hawapo, basi alikuwa ameishi miaka minne na nani?

Alhamisi saa nne asubuhi kigari-mzigo kilitoka kurudisha mifuko, naye akakifuata kwa miguu. Hakikuwa na haraka. Kilikwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo, kikisimama kuwapisha watoto na paka, kikisema "samahani" kwa sauti ya kike kila kilipopanda ukingo wa njia. Bi Sikudhani alijikuta anajificha nyuma ya nguzo kila kiliposimama, mtu mzima, na mwavuli mkononi. Waliingia Ngamiani, wakahesabu barabara hadi ya kumi na saba, na pale mbele ya nyumba yenye mlango wa samawati kikatoa mfuko namba saba.

Aliyefungua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, amevaa bwelasuti. Aliupokea mfuko kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwembamba, umekunjamana kifundoni, na aliubana ubavuni kama mtu aliyebeba gazeti. Bi Sikudhani alipouona huo mkono wa kushoto alielewa uji ule ulimwagwa na nani.

"Hodi," alisema.

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Sikudhani. Natoka maabara." Akamalizia, maana hapakuwa na namna nyingine. "Mimi ndiye ninayefua nguo zako."

Mwanamume yule, Mwinjuma Kombo, hakufukuza mgeni wala hakukana. Alimkaribisha uani akamwekea kiti. Kwenye kamba tano zilizovuka ua zilining'inia nguo za wiki ya nyuma, za kila mtu kwenye kamba yake. Chini ya kamba ya mwisho palikuwa na beseni la tope, na kando yake bakuli la uji uliopoa.

"Mmeniona," alisema.

"Mashine imekuona. Inasema mtu ni mmoja."

"Haikukosea." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mke wangu yuko kituo cha mwezini. Mwanahawa. Ni mtaalamu wa mboga, wanamtegemea huko kwa kila jani wanalokula. Tulikuwa twende sote, lakini daktari aliukataa mkono huu. Mashine ya bandarini iliula. Nikawaambia nendeni, miaka minne si mingi. Mdogo alikuwa na miezi saba."

"Na nguo hizi?"

"Huko hawafui. Wanavaa nguo za karatasi, wanazichoma. Nguo zao zimebaki kwangu." Aliangalia kamba kwanza ndipo akaendelea. "Mkataba wenu unasema kaya ya watu watano. Ningesema wameondoka, mtu angekuja kuandika mmoja. Sikutaka mtu aandike mmoja. Mwanahawa hunitumia vimo vyao, nami nanunua, ili siku wakishuka wasikute nguo za utotoni. Sasa nguo isiyovaliwa inakuwa kama ya dukani, mama, haina mtu. Kwa hiyo kila asubuhi nazipitia. Koti la Mwanahawa nalivaa nikichuma mchicha. Suruali ya Hemedi naiburuza magoti. Ya Mwajabu naitupia begani nikienda kununua mkate. Ya mdogo naipakata nikinywa uji."

Alisema hayo bila haya hata kidogo, kama anayeeleza jinsi ya kutunza kuku. Bi Sikudhani, aliyekuja na maneno yake ya lawama yamepangwa vizuri, aliyaacha.

"Miaka minne inaisha lini?" aliuliza.

"Imeisha. Mwezi huu." Mwinjuma aliinama. "Wamempa karatasi ya miaka sita mingine. Ana siku kumi na moja za kuitia sahihi au kupanda chombo cha kurudi. Ataitia sahihi."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana waliniruhusu kutuma kilo moja. Nilituma kanga zake na gauni la Zuwena, mdogo wetu. Zilipofika akanipigia, hata salamu hakunipa. Akaniuliza, nani anakufukizia nguo?"

Bi Sikudhani aliinamisha macho kwenye beseni la tope, na Mwinjuma akaendelea.

"Nikamwambia sijui, ni maabara. Akacheka. Akasema, Mwinjuma, tangu lini mashine ikachoma udi? Na kweli, mama, wewe ni mtu wa pwani. Nani anamfukizia nguo mwanamume mwenye mke? Kitanda nacho kitakuwa kimefukizwa. Ningekuwa yeye nami nisingeamini. Nikaandika maabara kuuliza ili nimpe ushahidi. Likaja jibu lenye muhuri kwamba maabara haitumii manukato ya aina yoyote. Nilimpelekea mwenyewe, kwa ujinga wangu, kwa kuwa niliahidi kumpelekea jibu lolote litakalokuja. Tangu hapo huongea na mimi habari za vimo vya watoto tu."

Bi Sikudhani alilikumbuka swali lile. Lilitokea kwenye kioo cha meza yake asubuhi moja, fomu fupi isiyo na jina: *Kaya 7 inauliza: je, maabara hutumia manukato?* Chini yake vitufe viwili. Alidhani ni ukaguzi, alidhani wamemgundua, na hofu ya kunyang'anywa saa yake ya stoo ikamfanya abonyeze *Hapana* upesi, kabla hata hajakaa vizuri. Kisha akaenda kunywa chai.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Udi. Ni mimi. Na jibu lile nililitoa mimi."

Bi Sikudhani alisubiri atukanwe, angalau apigiwe kelele, ingemrahisishia. Lakini yule mtu aliinuka tu, akaenda kwenye kamba ya mwisho, akageuza kigauni kilichokuwa kimekwisha kukauka ili upande wa pili nao upate jua.

"Na mimi nilikuwa nikizisubiri," alisema akiwa amempa mgongo. "Kila Alhamisi. Nilijua kuna mtu. Mashine haikunji kola vile."

Alirudi maabara kwa miguu, na njia nzima aliijua kazi iliyo mbele yake na akaiogopa. Kumwandikia Mwanahawa barua hakungetosha. Mwanamke aliyekwisha kupewa karatasi yenye muhuri kwamba hakuna manukato asingeamini barua ya mwanamke asiyemjua, tena angesema huyu ndiye mwenyewe. Kilichohitajika ni muhuri kwa muhuri. Taarifa za maabara zilitangazwa hadharani, kila neno lake likiapiwa na mpimaji, na mpimaji aliyekiri kuchezea nguo za majaribio hakai tena mbele ya kioo. Akinyamaza atabaki na kazi yake na mfuko namba saba kila wiki. Akisema, mama yule na watoto huenda wakarudi, na yeye hatawaona hata kwa nguo zao.

Aliandika siku tatu. Aliandika kwamba Jabali ndiyo bora kwa muundo, kwa kuwa kila kilicho ndani yake kinafikika, na beringi zake zilimaliza miaka ishirini bila kulia. Aliandika kwamba Fahamu inafua kuliko zote, na kwamba hesabu yake ya wavaaji ni sahihi kwa kaya zote kumi, ila akaongeza kuwa mashine haina haja ya kujua nani yuko nyumbani kwa mtu na nani hayupo, na wanunuzi waidai bila pua. Kwa thamani, aliiweka Jabali mbele, maana bei ya chombo ni pamoja na siku kitakapoharibika. Kisha akafika kwenye sehemu ya dosari za upimaji, ambayo kwa miaka kumi na minne alikuwa akiandika neno moja tu, *Hakuna*. Safari hii aliandika:

*Mpimaji, Sikudhani Mbwana, alifukiza udi nguo za Kaya Namba Saba mara mia mbili na nane, katika stoo ya maabara, kwa siri, bila kuombwa na mwenye nguo na bila mwenye nguo kujua anayefanya hivyo. Mwenye nguo alipoiuliza maabara, mpimaji huyohuyo alitoa jibu la uongo. Mafuta ya udi hunata kwenye mpira, kwa hiyo alama za chini alizoupa mpira wa mlango wa Umande zisitegemewe. Mpimaji hakuwahi kumwona mwenye nguo kabla ya Alhamisi iliyopita.*

Dk. Lwitiko aliisoma mara mbili.

"Mama, hii inakumaliza. Kazi zako zote za nyuma zitarudiwa."

"Zirudiwe."

"Tuitoe hii sehemu. Hakuna anayesoma dosari."

"Yuko mmoja atakayeisoma," alisema Bi Sikudhani, akambonyezea muhuri mwenyewe.

Nakala moja ikapelekwa mwezini siku hiyohiyo. Kabla ya wiki kwisha walimnyang'anya kitambulisho, wakampa sanduku la kutia vitu vyake, na vitu vyake vyote vikatosha nusu ya sanduku. Siku ya tisa kati ya zile kumi na moja, saa tano asubuhi, alikuwa nyumbani kwake Chumbageni akichambua mchele ambao ulikuwa hauna hata jiwe, simu ya ukutani ikalia. Kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye uso mkavu, kichwa kimefungwa kitambaa cha karatasi.

"Shikamoo," alisema Mwanahawa, kwa adabu ya mtu aliyelelewa asiweze kuacha kusalimia hata akiwa na hasira.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilichukua sekunde moja na ushei kwenda na nyingine kurudi, na katika mapengo hayo walitazamana tu.

"Nimesoma taarifa yako yote. Mpaka beringi. Mara mia mbili na nane."

"Ndiyo."

"Nguo za mume wangu."

"Zake na za kwenu nyote."

"Kaya zilikuwa kumi. Kwa nini sisi?"

Bi Sikudhani alikuwa amejiandalia jibu la kisomi, kuhusu mazoea na uchovu wa kazi. Halikutoka. "Kwa sababu mlikuja na mtoto mchanga," alisema. "Sina watu, Mwanahawa. Nilijifanya nina ninyi."

Mwanahawa alifuta uso kwa kiganja, nacho kilikuwa na doa la kijani.

"Mwaka mzima nimemfanya mume wangu mzinzi," alisema. "Nimemwambia maneno ambayo sijui nitayarudishaje. Ile karatasi ya miaka sita nimeichana. Chombo kinashuka mwezi wa tisa." Akavuta pumzi. "Sina ugomvi na wewe tena. Lakini usije nyumbani kwangu. Wala barabara ile usipite."

"Sitapita."

Alidhani yamekwisha, akainua mkono kuzima. Lakini uso ule haukuondoka.

"Kuna jambo jingine," Mwanahawa alisema, sasa kwa sauti ya chini, akitazama kando kama anayehakikisha hasikiki. "Zuwena. Alikuwa na miezi saba tulipoondoka, hamjui baba yake ila kwenye kioo. Lile gauni lilipofika nililitupa. Akaliokota. Mwaka mzima analala nalo. Anasema ndiyo harufu ya baba. Imebaki kidogo sana, kwenye pindo tu, na haruhusu mtu kuligusa. Siku tukishuka atamrukia Mwinjuma, atanusa grisi ya bandari. Atadhani tumemletea mtu mwingine. Nimwambie nini?"

Bi Sikudhani alikaa chini. Udi ule haukuwa wa kununua dukani. Ulikuwa wa kupika, wa mama yake na wa nyanya yake kabla ya mama yake, na kipimo chake hakikuandikwa popote, kwa sababu kilikuwa cha kumwachia binti. Alikaa miaka mingi akijua kwamba ataondoka nacho.

"Usimwambie kitu," alisema. "Nyumba iwe inanukia hivyo tangu anaingia mlangoni, na baba yake awe amezifukiza nguo zake usiku wa kuamkia siku hiyo. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Una kalamu?"

Alimwona Mwanahawa akisikia, akiganda, kisha akiinama kutafuta. Alirudi na kalamu na kipande cha nguo ya karatasi, akakilaza gotini.

"Sema taratibu," alisema. "Naandika."

"Anza na sukari," alisema Bi Sikudhani, akasubiri sauti yake ifike.